Mjomba, nichukue Subaru ya kilomita 64,000 au ya 142,000?

BARUA

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi hapa Arusha, nina miaka 34, mke na mtoto mmoja. Ugonjwa wangu tangu utoto ni Subaru. Mwaka 2000 Richard Burns aliposhinda Safari Rally na Impreza ya buluu, kaka yangu alibandika picha yake ukutani, na tangu hapo nimekuwa nikisema siku moja na mimi nitakuwa nayo.

Sasa nimefikisha milioni 55. Mke wangu ameridhia kwa sharti moja tu: nikishanunua, nisiguse akaunti ya duka kwa ajili ya hiyo gari. Gari ya familia tunayo. Hii ni ya moyo wangu.

Nimepata mbili, zote Impreza WRX STI za milango mitano, gia za mkono, na namba za chasisi zote zinaanza na GRB.

Ya kwanza iko yadi Dar es Salaam. Ni ya 2008, nyeupe, dashibodi inasoma kilomita 64,000. Wanataka milioni 52. Imeoshwa mpaka inang'aa, huwezi kuona mkwaruzo. Niliomba karatasi ya mnada wa Japani, ile inayoandikwa hali ya gari na kilomita zake, nikaambiwa ilipotea wakati gari inatolewa bandarini. Nikauliza kama kilomita ni za kweli, muuzaji akasema mita za siku hizi ni za kidijitali, hazichezewi. Nimekutumia picha nilizopiga: usukani, pedali, viti na injini. Mbele ya injini, kwenye kava la plastiki, kuna stika ndogo ya rangi ya fedha yenye maandishi ya Kijapani. Kwa kalamu wameandika H28.6.14 na chini yake 102350. Nadhani ni namba za kiwandani.

Ya pili iko Moshi, inauzwa na mwenyewe. Ni ya 2009, kijivu, kilomita 142,000, milioni 43. Aliiagiza 2018 ikiwa na kilomita 96,000. Karatasi ya mnada anayo, daraja la 4, ndani B, pamoja na bahasha ya risiti za gereji. Mkanda wa taimingi ulibadilishwa gari ikiwa na 104,000. Ekzosi si ya asili, na anasema kompyuta ya injini iliongezewa nguvu hukohuko Japani kabla hajainunua. Nilipoijaribu, nikikanyaga mafuta kwenye gia ya nne klachi inateleza kidogo, mshale unapanda lakini gari haikazani.

Marafiki zangu wote wananiambia Subaru ikivuka laki moja imekwisha, na kwamba hiyo milioni 9 ya ziada ni bei ya usingizi mtulivu. Ungekuwa wewe ungechukua ipi?

Mpenda Boksa, Arusha

JIBU

Marahaba, mpwa wangu.

Ya Dar usiinunue. Na sababu umenitumia wewe mwenyewe kwenye picha.

Ile stika si ya kiwandani. Mafundi wa Japani wakibadilisha mkanda wa taimingi wana desturi ya kubandika stika kwenye injini, wakaandika tarehe na kilomita za siku hiyo, ili fundi anayefuata ajue mkanda una umri gani. H ni Heisei, jina la enzi ya mfalme wao aliyepita, iliyoanza 1989. Heisei 28 ni 2016. Kwa hiyo tarehe 14 Juni 2016 mtu alibadilisha mkanda wa injini hiyo, na gari ilikuwa imetembea kilomita 102,350. Leo dashibodi inasoma 64,000. Hakuna gari inayotembea kurudi nyuma.

Muuzaji anaweza kukwambia injini ilitoka kwenye gari nyingine. Sawa, basi injini yako ina zaidi ya laki moja vilevile, na juu ya hapo gari imefunguliwa na kufungwa na mtu usiyemjua. Anaweza pia kukwambia mita ilibadilishwa. Sawa, basi 64,000 ni kilomita za mita, si za gari. Kila jibu analoweza kukupa linaiondoa ile sababu pekee ya kudai milioni 52.

Nimetazama na picha nyingine. Ngozi ya usukani upande wa kulia imelainika na kuwa kama imepakwa mafuta, na mpira wa pedali ya klachi umelika kona moja mpaka mistari imefutika. Peke yake hilo nisingelihukumia gari, maana kuna dereva mwenye pete na kuna dereva mwenye viatu vizito. Lakini likikaa pamoja na stika ile, linasema kitu kilekile. Tena kwenye nguzo ya kioo cha mbele, upande wa dereva, naona vitundu viwili vilivyozibwa. Hapo ndipo vijana wa Japani hufunga geji ya presha ya tabo, kile kifaa kinachosukuma hewa ya ziada kwenye injini. Mtu aliyefunga geji kwa kawaida ameongeza presha, na aliyeongeza presha hakuwa anaendesha kwenda sokoni.

Kuhusu mita ya kidijitali, hilo neno nimelisikia kwenye yadi nyingi na linaniumiza, kwa sababu vijana wanaliamini. Mita ya kidijitali inashushwa kwa kompyuta mpakato na waya, gari ikiwa imesimama, bila kufungua injini wala kuacha alama ya bisibisi. Na dashibodi nzima ya gari hii inaweza kung'olewa na kuwekwa ya nyingine. Usimwite mwenye yadi mwizi, maana huenda na yeye aliuziwa hivyo. Mwambie tu kwa maandishi akupe karatasi ya mnada na cheti cha kufuta usajili kwa ajili ya kusafirisha nje. Karatasi ya mnada inaweza kupotea kweli. Hicho cheti ni hati ambayo gari inaondokea nayo Japani na ndiyo inayotumika kuisajili huku, kwa hiyo nakala yake haikosi kwa aliyeingiza gari. Mara nyingi kinaonyesha kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa serikali wa Japani, ule wa lazima ambao gari mpya inaenda baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Hata ukiwa na namba ya chasisi peke yake, zipo huduma mtandaoni zinazokutafutia rekodi ya mnada kwa pesa ndogo sana ukilinganisha na milioni 52. Muuzaji anayekataa kukupa namba ya chasisi, huyo amekwishakujibu.

Sasa nije kwenye maneno ya marafiki zako, kwamba ikivuka laki moja imekwisha. Hapo ndipo nataka unisikilize, kwa sababu imani hiyo ndiyo inayowalisha wanaoshusha mita.

Injini za Subaru za familia ya EJ, zikiwamo za gari hizi mbili, zinatumia mkanda wa taimingi, unaopatanisha pistoni na valvu, na Japani mkanda huo hubadilishwa kwenye kilomita laki moja. Ukikatika injini ikiwa inazunguka, pistoni zinagonga valvu na silinda hedi zinafunguliwa. Kazi ya kubadilisha mkanda si ya bei ndogo, kwa sababu fundi mwenye akili akifungua pale anabadilisha na rola, tensheni na pampu ya maji. Mjapani anajua hivyo, ndiyo maana wengi huuza gari ikiwa na 90,000 na kitu, wakwepe gharama. Bei ya mnadani nayo huporomoka ikishavuka laki moja. Angalia matokeo yake: gari ya 92,000 ambayo mkanda haujaguswa inauzwa ghali kuliko gari ya 112,000 yenye mkanda mpya, wakati mimi ningechukua ya 112,000 bila kufikiri mara mbili. Anayenunua ile ya 92,000 amelipia namba nzuri, kisha miezi sita baadaye analipia mkanda.

Kwenye gari za nguvu kama hizi, kilomita zinakwambia nusu ya habari. Nusu nyingine ni zilitembewaje. STI iliyotumika kwenye barabara kuu za Japani, injini ikiwa ya moto, oili ikibadilishwa kwa wakati, inaweza kufika 150,000 ikiwa na afya. Nyingine ina 50,000 lakini nusu yake ni za uwanja wa mashindano, injini ikizungushwa mpaka mwisho kwenye kona ndefu ambako oili inakimbilia upande mmoja na pampu inavuta hewa. Beringi za koni rodi, vile vyuma vinavyoshika pistoni, haziulizi mita inasema ngapi.

Kuna gari ambazo kilomita ndizo bei yenyewe. Subaru Impreza 22B ya 1998, ambazo kwa soko la Japani zilitengenezwa 400 tu, au zile STI 555 za mwisho zenye injini ya EJ20, ziitwazo EJ20 Final Edition, anayezinunua hana nia ya kuzitembeza. Analipia uchache na usafi, kwa hiyo kila kilomita inampunguzia. Wewe unanunua gari ya kwenda nayo Babati na kurudi. Usilipe bei ya mtu wa jumba la makumbusho.

Tuje Moshi. Karatasi ya mnada ya 96,000, risiti ya mkanda kwenye 104,000, na leo 142,000. Hizo namba zinapanda kwa mpangilio, na kila moja ina karatasi nyuma yake. Huo ndio utajiri wa gari ile. Daraja la 4 maana yake gari nzuri yenye kasoro za kawaida, na B ya ndani ni safi kwa umri wake. Kwenye mchoro wa gari ulio kwenye karatasi ya mnada uliyonitumia, herufi A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi. Naona W1 fenda ya nyuma kushoto, kazi ndogo iliyofanywa vizuri. Sioni XX, alama ya kipande kilichobadilishwa, wala daraja la R au RA, linalopewa gari iliyopata ajali ikatengenezwa. Chasisi ya GRB nayo ndiyo yenyewe, lita 2.0 ya gia sita za mkono. Hili nalisema kwa ajili ya wasomaji wengine, kwa sababu mitaani kuna GH8, Impreza ya tabo ya kawaida, zimebandikwa nembo ya STI na kuuzwa kwa bei ya STI. Nembo inanunuliwa dukani, lakini chasisi ya GH8 haigeuki kuwa GRB.

Kinachonitia wasiwasi ni ile kompyuta iliyoongezewa nguvu. Petroli ya juu ya Japani ina oktani 100 au karibu na hapo, na waliopanga kompyuta ile walipanga kwa mafuta yale. Mafuta ya vituo vyetu vingi yako chini yake. Tabo ikisukuma hewa kwa mpango wa Japani na mafuta yakawa dhaifu, yanalipuka kabla ya wakati wake, na pistoni za EJ zina udhaifu unaojulikana dunia nzima: zinapasuka kwenye vile vijikuta vyembamba kati ya ringi na ringi. Lita 2.5 ndiyo inayoumia zaidi, lita 2.0 ya kwako ni ngumu kuliko hiyo, lakini si chuma cha reli. Gari imetembea kilomita 46,000 hapa nchini na mpango ule. Huenda mwenyewe amekuwa mpole nayo. Usikisie, pima.

Mpigie mwenye gari leo, umwombe siku utakayokwenda asiiwashe mpaka ufike. Shika injini kwa mkono wako uhakikishe ni baridi. Vuta kijiti cha oili uone kiwango, kisha washa ukiwa umesimama mbele, boneti wazi. Injini hizi zikiwa baridi zina mlio mdogo wa pistoni kugonga, tak tak tak, unaofifia kadiri injini inavyopata joto. Huo usikutishe sana. Mlio wa kuogopa ni ule mzito wa chini, unaobaki injini ikiwa ya moto na unaoongezeka ukipandisha mzunguko. Ukiusikia huo, shukuru, rudi Arusha. Tazama na ekzosi: moshi wa buluu ni oili inayoungua.

Injini ikishapata moto, nenda na fundi wako apime kompresheni, yaani presha inayojengeka ndani ya silinda, kwenye silinda zote nne. Atalalamika kwa sababu plagi za boksa, yaani injini hii yenye silinda zilizolala, zimejificha ubavuni na mkono haupiti vizuri. Mlipe muda wake, asiruke hata moja. Namba zenyewe zinaweza kutofautiana kidogo kutokana na kipimo anachotumia, kwa hiyo angalia zinavyopishana. Silinda nne zikiwa ndani ya asilimia 10 hivi, tuko vizuri. Moja ikiwa chini peke yake, usikubali maelezo. Na fundi akitaka kumwagia oili kidogo kwenye silinda ili ajue kama ni ringi au valvu, mkumbushe kwamba boksa imelala, oili itakaa upande wa chini na jibu litakuwa la kubahatisha. Bora apime kwa kujaza hewa asikilize inavujia wapi.

Halafu fanya kitu ambacho wanunuzi wengi hawakifanyi. Mwombe mwenye gari akuruhusu ubadilishe oili na filta kwa gharama yako. Ile filta ya zamani ikatwe, karatasi yake ikunjuliwe juani. Ukiona vipande vinavyometameta kama pambo, hasa vya rangi ya shaba, beringi zinakwisha. Ikiwa safi, umenunua utulivu kwa bei ya lita chache za oili, na gari umeifanyia huduma. Mtu mwenye bahasha ya risiti za miaka yote hiyo sidhani atakataa.

Klachi uliyoielezea imekwisha, usijidanganye kwamba inateleza kidogo. Gia boksi lazima ishuke, na ikishashuka tazameni na flaiwili, ile sahani nzito ya injini inayobanwa na klachi, kama imeungua. Angalia pia matairi. Rimu zake ni za inchi 18, saizi 245/40, na kwa kuwa magurudumu yote yanavuta, yote manne yanatakiwa yawe ya aina moja yaliyolika sawasawa, la sivyo difu ya kati, inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, inaumia. Mawili mapya na mawili ya zamani si punguzo la kupokea. Breki za Brembo nazo uliza bei ya pedi na diski Arusha kabla hujaenda, ukiwa na namba mkononi.

Ndiyo maana sikupi jedwali la kilomita fulani kwa bei fulani. Bei naipanga hivi: nachukua gari yenye historia kamili na injini iliyopimwa, natoa gharama ya kila kazi inayosubiri, na kinachobaki ndicho ninacholipa. Kati ya 120,000 na 150,000, kilomita elfu kumi hazipunguzi bei hata laki tano kichwani mwangu, lakini karatasi ikikosekana napunguza mamilioni. Kwa gari ya Moshi, kompresheni ikiwa safi na filta ikiwa safi, ningeanzia 38, nikamwonyesha klachi na gharama ya kurudisha kompyuta kwenye mpango wa kiwanda, na nisingevuka 41. Akishikilia 43, akubali kubadilisha klachi kabla hujalipa.

Kisha tazama kitakachobaki mfukoni. Ukinunua ya Dar kwa 52, unabakiwa na milioni 3 na gari ambayo hujui ina umri gani, na shida ya kwanza itakupeleka kwenye akaunti ya duka. Mke wako amekuwekea sharti la busara kuliko ushauri wa marafiki zako wote. Ukinunua ya Moshi kwa 41, una 14 za klachi, matairi, kompyuta na akiba ya mwaka wa kwanza.

Kabla ya kulipa, linganisha namba ya chasisi na ya injini iliyopigwa kwenye chuma na zile za kadi ya gari, moja baada ya nyingine, mkiwa wawili, na kadi iwe na jina la huyo anayekuuzia. Ukishapata zile namba nne za kompresheni nitumie pamoja na picha ya filta iliyokunjuliwa. Usitoe hata senti ya kishika gari kabla sijakujibu.

Mjomba